Kabla Hujaambiwa Bodi Imekufa

Laptopi inafikishwa kwa fundi. Ukibonyeza swichi taa inawaka, feni inazunguka, lakini kioo kinabaki cheusi. Mwenye mali anaeleza kwamba jana ilikuwa inajisasisha, umeme ukakatika, na betri yake ilikwisha nguvu siku nyingi. Fundi aliyemwendea kwanza amekwisha kumwambia kuwa bodi imekufa, atafute nyingine. Na kwa kuwa bei ya bodi nyingine, hata iliyotumika, inakatisha tamaa, laptopi inaingia stoo, na kutoka stoo safari yake ni ya jalalani.

Hukumu hiyo hutolewa upesi mno, iwe Kariakoo, iwe Luthuli Avenue, na kila mahali ambako vifaa vyetu hutengenezwa. Bodi ya namna hiyo mara nyingi haina ubovu wowote wa umeme. Transista zake ni nzima, kapasita nzima, prosesa inasubiri kuambiwa la kufanya. Kilichoharibika ni maandishi yaliyomo ndani ya chipu moja yenye miguu minane, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Maandishi hayo yanaweza kuandikwa upya chipu ikiwa pale pale ilipo, bila kuwasha bloa wala kuyeyusha lehemu. Ninaamini kazi hiyo inapaswa kuwa hatua ya kawaida kabla mtu yeyote hajatangaziwa kifo cha bodi yake. Ninaamini pia kwamba ikifanywa ovyo inaweza kuiua bodi iliyokuwa hai, kwa hiyo anayeifanya na anayeilipia wote wanastahili kujua inavyokwenda.

Prosesa ikipata umeme haijui kitu. Haijui kama kuna kibodi, kioo wala diski. Hutafuta amri yake ya kwanza mahali palipopangwa kiwandani, na mahali hapo pamo ndani ya chipu ya flashi iliyobeba bayosi, yaani programu ya kuiamsha mashine. Flashi hii ni ndugu wa ile ya kuchomeka pembeni mwa kompyuta, ila hii imefungwa kwenye bodi na mtumiaji haioni. Katika laptopi nyingi za miaka kumi na tano iliyopita ukubwa wake ni megabaiti 8 au 16. Sasisho la bayosi huanza kwa kufuta sehemu ya zamani, kisha huandika mpya. Umeme ukikatika katikati ya kazi, prosesa itakapoamka itakuta ukurasa mweupe mahali pa amri ya kwanza, nayo itakaa kimya.

Njia ya kufika kwenye flashi hii ilikuwa ndefu. Mwaka 1967 Dawon Kahng na Simon Sze wa Bell Labs walieleza transista yenye lango lililozungukwa na kihami pande zote, hata elektroni zikishaingizwa humo zinakosa pa kutokea. Mwaka 1971 Dov Frohman wa Intel akatoa chipu ya 1702, iliyohifadhi baiti 256 na kuwa na kidirisha cha kwazi juu yake. Kuifuta ilikubidi uichomoe kwenye soketi, uiweke chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno, usubiri. Kisha mwaka 1984 Fujio Masuoka wa Toshiba aliwasilisha San Francisco kumbukumbu inayofutwa kwa umeme, eneo kubwa kwa mkupuo mmoja. Intel ikaanza kuuza flashi yake mwaka 1988, na kidirisha kile pamoja na taa yake vikaanza kuondoka mezani.

Lakini kinachofutwa kwa umeme kinaweza kufutwa na programu. Tarehe 26 Aprili 1999 virusi vya CIH, vilivyoandikwa na Chen Ing-hau alipokuwa mwanafunzi huko Taiwan, viliamka kwenye kompyuta zenye Windows 95 na 98, vikafuta mwanzo wa diski na, pale vilipoweza, vikajaza takataka kwenye chipu ya bayosi. Korea Kusini iliumia sana. Mafundi wa wakati ule walikuwa na nafuu moja, kwamba chipu nyingi zilikaa kwenye soketi. Wapo walioiwasha kompyuta nzima ya aina ile ile, wakaichomoa chipu yake ikiwa ingali inafanya kazi, wakapachika iliyoharibika na kuiandika upya humo humo. Leo soketi hiyo haipo tena kwenye laptopi. Chipu imelehemiwa moja kwa moja ili bodi iwe nyembamba na mashine za kiwandani ziipachike upesi, na fundi amebaki na njia mbili: aing'oe, au aifuate hapo hapo ilipo.

Kuing'oa kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Tangu Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipozuia madini ya risasi kwenye vifaa vingi vya kielektroniki, viwanda vilihamia kwenye lehemu ya bati, fedha na shaba, inayoyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi za Selsiasi. Ile ya zamani, ya bati na risasi, iliyeyuka kwenye 183. Joto la ziada halibaki kwenye chipu peke yake. Soketi za plastiki za kebo zilizo jirani zinalainika, kapasita ndogo zinasogea, na vibati vya shaba vinavyokaliwa na miguu ya chipu vinaweza kubanduka. Kibati kimoja kikibanduka, kilichokuwa tatizo la maandishi kimegeuka kuwa tatizo la bodi. Wapo mafundi wenye mkono mwepesi wanaong'oa na kurudisha bila kuacha alama, nami nawaheshimu sana. Hata hivyo bodi iliyokwisha kuchomwa mara mbili tatu na watu tofauti haina uvumilivu wa bodi mpya, na kifaa kinachotufikia kutoka Dubai au Ulaya kikiwa kimetumika miaka saba huenda kimepita mikononi mwa wengi.

Njia ya pili ni kibanio. Kina meno manane, manne kila upande, yanayouma miguu ya chipu jinsi ilivyosimama kwenye bodi. Kile cha kampuni ya Pomona chenye namba 5250 kimejijengea sifa kwa miaka mingi. Vya bei nafuu vimejaa madukani, navyo vinafaa, ila meno yake hulegea mapema. Waya za kibanio zinakwenda kwenye programa, kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye USB ya kompyuta nyingine, na kompyuta hiyo ndiyo inayosoma na kuandika.

Mazungumzo ya programa na chipu yanafuata utaratibu uitwao SPI, uliobuniwa Motorola katika miaka ya 1980, na unyenyekevu wake unanifurahisha kila ninapoutazama. Mguu wa 1, wenye kitone pembeni, ni wa kuiita chipu. Wa 2 unatoa data, wa 5 unaingiza, wa 6 unapiga mapigo ya saa ili pande zote mbili ziende pamoja. Wa 4 ni ardhi na wa 8 ni umeme. Wa 3 unaweza kuzuia uandishi, wa 7 unasimamisha mazungumzo. Amri nazo ni chache: baiti moja ya kusoma, moja ya kuruhusu kuandika, moja ya kuandika ukurasa wa baiti 256, moja ya kufuta kilobaiti 4. Laptopi nzima, pamoja na ufahari wake wote, inaamka kwa lugha yenye msamiati mdogo kiasi hicho.

Ugumu unakuja kwa sababu chipu haiko peke yake. Ukiwa umeing'oa, programa inazungumza na kitu kimoja tu. Ikiwa bado kwenye bodi, mguu wa 8 umeunganishwa na njia ya umeme inayolisha majirani wengi, na miguu ya data imeunganishwa na chipseti ambayo kwa kawaida ndiyo bwana wa mazungumzo. Programa inapotoa volti 3.3 kuilisha chipu, umeme huo unatiririka hadi kwa majirani wote. Programa ndogo inayonyonya umeme wa USB haina nguvu ya kulisha mtaa mzima. Volti zinashuka, na chipu ya kawaida ya Winbond, kwa mfano, imeahidiwa kufanya kazi kuanzia volti 2.7 tu. Ikishuka chini ya hapo, inajibu vibaya au haijibu kabisa. Wakati mwingine hutokea kinyume chake: umeme unatosha kuiamsha chipseti nusu usingizi, nayo inaanza kuzungumza kwenye waya zile zile. Mabwana wawili wanatoa amri kwa wakati mmoja, na unachosoma ni kelele.

Hapa ndipo fundi mwenye subira anapojitenga na mwenye pupa. Mwenye pupa akiona programa inakataa, anasema chipu imekufa, anawasha bloa. Mwenye subira anachomoa chaja, anatoa betri kubwa na ile ndogo ya saa, anasubiri umeme uliobaki kwenye kapasita uishe. Anasafisha miguu ya chipu kwa spiriti, kwa kuwa baadhi ya bodi hupakwa rangi ya kukinga unyevu na meno ya kibanio hayapenyi. Anafupisha waya, maana kila sentimita inayoongezeka inachafua mapigo ya saa, na akiweza anapunguza kasi ya mazungumzo. Anaweka mita kati ya mguu wa 4 na wa 8 wakati programa inafanya kazi, aone kwa macho yake volti zinasimama wapi. Zikishuka, yapo ya kujaribu. Kuna bodi ambazo njia hiyo ya umeme hupata uhai mara tu chaja inapochomekwa, hata kabla swichi haijabonyezwa. Kwenye bodi hizo fundi huuacha umeme wa bodi yenyewe uilishe chipu, akaondoa waya wa umeme wa programa na kubakiza ardhi na waya za data. Kamwe chipu isilishwe na bodi na programa kwa pamoja.

Na kabla ya yote hayo, asome jina la chipu kwa kioo cha kukuza. Jambo hili naliona kuwa kubwa kuliko mengine. W25Q64FV na W25Q64FW zinafanana umbo, ukubwa na mpangilio wa miguu. Herufi ya mwisho pekee ndiyo inayozitenga. Yenye V inataka volti 3.3. Yenye W inataka 1.8, na ukiipa 3.3 umeipa karibu mara mbili ya ilichoumbiwa, pamoja na chipseti iliyounganishwa nayo. Laptopi nyembamba nyingi za miaka ya karibuni zinatumia za volti 1.8, na kwa hizo kuna kiunganishi cha kushusha volti ambacho hakina budi kuwemo kwenye kisanduku cha fundi.

Programa yenyewe nayo ichunguzwe. Inayopatikana kwa urahisi kuliko zote ni ile ndogo nyeusi iliyojengwa kwa chipu ya CH341A. Matoleo mengi ya kifaa hicho yanatoa volti 3.3 kwenye mguu wa umeme, lakini waya zake za data zinapanda hadi 5, kwa sababu CH341A yenyewe inalishwa volti 5 za USB. Karatasi za maelezo ya chipu za flashi haziruhusu waya za data zipite volti za umeme wake hata kwa volti moja kamili. Nyingi huvumilia kwa muda, na uvumilivu huo ndio umewafanya watu waamini hakuna tatizo. Chipseti jirani inaweza isivumilie. Mafundi waangalifu huurekebisha mzunguko wa programa ili CH341A nayo ilishwe volti 3.3, au hununua toleo lenye swichi ya kuchagua volti, au hutumia Raspberry Pi, ambayo miguu yake inatoa 3.3 tangu kiwandani. Kipimo cha mita kwenye waya za data kinamaliza ubishi wote.

Kibanio kikishashika, swali la kwanza kwa chipu ni jina lake. Programa inatuma amri moja, chipu inajibu baiti tatu. EF ni Winbond, C2 ni Macronix, C8 ni GigaDevice. Baiti ya tatu inataja ukubwa: 17 kwa hesabu ya kumi na sita ni 23, na mbili ikizidishwa yenyewe mara 23 inaleta baiti 8,388,608, yaani megabaiti 8. W25Q64FV inajibu EF 40 17. Ndugu yake wa volti 1.8 anajibu EF 60 17. Jibu likiwa FF FF FF au sifuri tupu, au likibadilika kila unapouliza, kibanio hakijashika vizuri au umeme hautoshi. Usiendelee. Ukiandika katika hali hiyo utakuwa unaandika gizani.

Jina likitulia, soma chipu nzima uhifadhi faili. Kisha soma tena. Kisha soma mara ya tatu, na ulinganishe mafaili yote kwa alama ya hesabu, kwa mfano SHA-256. Yakitofautiana hata kwa biti moja, rudi kwenye waya na umeme. Kazi hii inafanywa vizuri na flashrom, programu huria iliyochipuka kwenye mradi wa LinuxBIOS ulioanzishwa na Ron Minnich mwaka 1999 katika maabara ya Los Alamos, Marekani, mradi ambao tangu 2008 unaitwa coreboot. Ni ya bure na haihitaji leseni ya wizi.

Kwa nini kung'ang'ania kusoma kitu ambacho tayari kimeharibika? Kwa sababu hakijaharibika chote. Kwenye laptopi za Intel, faili la chipu hiyo limegawanyika vyumba. Kilobaiti 4 za mwanzo ni ramani inayoonyesha kila chumba kinaanzia wapi. Kuna chumba cha bayosi yenyewe. Kuna chumba cha programu ya siri ya Intel inayosimamia kuamka kwa mashine. Kwenye nyingi kuna kijichumba chenye anwani ya kadi ya mtandao, ya kipekee duniani. Na ndani ya chumba cha bayosi mara nyingi zimo namba ya mashine kutoka kiwandani na ufunguo wa leseni ya Windows uliolipiwa laptopi ilipokuwa mpya. Sasisho lililokatika katikati linaweza kuwa limeharibu kilobaiti mia chache tu. Faili la asili, hata likiwa bovu, ndilo cheti cha kuzaliwa cha kifaa hicho, na hakuna mahali pengine pa kukipata.

Ndiyo maana inaniumiza kuona njia ya mkato inavyozoeleka: fundi anatafuta faili la modeli kama hiyo lililopakuliwa mahali, anafuta chipu bila kuhifadhi chochote, anaandika, kioo kinawaka, mteja anashukuru. Mteja hajui kwamba laptopi yake sasa ina namba ya mashine ya mtu mwingine, kwamba anwani ya mtandao huenda inagongana na ya wengine waliopewa faili hilo hilo, kwamba Windows itadai leseni. Na ile programu ya Intel ikiwa haikubaliani na bodi iliyohamishiwa, mambo ya ajabu hutokea: feni kukimbia bila sababu, kuwaka kwa kuchelewa, au kompyuta kujizima yenyewe kila baada ya dakika 30. Ukisikia malalamiko ya dakika 30 kamili, uliza nani aliiandika bayosi.

Kazi safi ni kuchukua bayosi halali ya mtengenezaji, ile anayoitoa kwa modeli husika, kuipachika kwenye chumba chake ndani ya faili la asili, na kuviacha vyumba vingine vilivyo vizima vikae kama vilivyokuwa. Inachukua muda zaidi. Inahitaji kuelewa ramani. Fundi anayeifanya hivyo anastahili kulipwa zaidi ya anayemwaga faili la kuokota, na mteja anayeelewa tofauti hiyo hatalalamikia bei.

Sasa ndipo kuandika. Flashi ina tabia yake: kuandika ni kugeuza moja kuwa sifuri, basi. Kurudisha sifuri iwe moja hakuwezekani kwa biti moja moja. Sharti lifutwe eneo zima, angalau kilobaiti 4, lijae FF. Ni kama ukuta uliopigwa lipu, ambao alama huchimbwa kwa msumari mmoja lakini kuifuta ni lazima upige lipu upya eneo zima. Kwa hiyo programa hufuta, huhakikisha pamekuwa peupe, huandika ukurasa baada ya ukurasa, kisha husoma tena kulinganisha na faili. Hatua hii ya mwisho haipaswi kurukwa, hata foleni ya wateja ikiwa ndefu namna gani. Uchakavu wa kuandika si wa kuhofia: karatasi za maelezo ya chipu hizi hutaja mizunguko 100,000 ya kufuta na kuandika, na kushika data kwa miaka 20.

Zipo chipu zinazokubali kusomwa na kukataa kuandikwa. Mguu wa 3 unaweza kuwa umeshushwa na bodi, au biti za ulinzi ndani ya chipu zimewekwa. Desemba 2017 Canonical, kampuni inayotoa mfumo wa Linux uitwao Ubuntu, ililazimika kuondoa kwa muda mafaili ya Ubuntu 17.10 kwenye tovuti yake kwa sababu ya jambo la jamii hii. Kiendeshi kimoja cha chipu za SPI kilichowashwa kwenye kiini cha Linux kilikuwa kinaifunga bayosi ya baadhi ya laptopi, nyingi zikiwa za Lenovo. Mipangilio ya bayosi ilikataa kuhifadhiwa, na baadhi ya mashine hazikuweza tena kuwashwa kutoka kwenye flashi ya USB. Toleo lililorekebishwa lilirudi Januari 2018. Nyingi zilifunguka kwa kuwekewa kiini kilichosahihishwa. Anayekuta chipu iliyofungwa kwenye meza yake, basi, aulize kwanza biti za ulinzi zinasemaje kabla ya kuitangaza mbovu.

Kibanio kina mipaka yake. Kuna chipu zisizo na miguu ya kutokeza, zenye vibati chini ya tumbo. Meno ya kibanio hayana pa kuuma, na hapo hutumika kichwa chenye pini za springi kinachoshikiliwa kwa mkono au kwa stendi. Kuna bodi ambazo majirani hawanyamazi hata ufanyeje, na suluhisho la kati ni kuinua mguu wa 8 peke yake kwa ncha nyembamba ya chuma cha kulehemu, ukaandika, ukaurudisha. Ni mguu mmoja badala ya minane. Na kuna bodi ambazo kweli zimekufa. Hizo zipo, na fundi aliyepima ana haki ya kusema hivyo.

Wahandisi wanaochora bodi wangeweza kuyaondoa mengi ya mateso haya. Diodi moja ya kutenga umeme wa chipu na majirani zake, vipinga vichache kwenye waya za data, na matundu ya kuchomekea programa yenye majina yaliyoandikwa juu ya bodi. Wanayajua haya, bodi nyingi za majaribio zinakuwa nayo, kisha yanaondolewa kifaa kinapoingia sokoni. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na kwamba asilimia 22.3 tu ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ninapoona bodi nzima ikitupwa kwa ajili ya kilobaiti mia chache, naona sehemu ya tani hizo imeamuliwa kwenye meza ya mchoraji.

Mbinu hii ina ndugu yake kwenye simu. Kumbukumbu ya eMMC imelala chini ya bodi kwa mipira ya lehemu isiyofikiwa na kibanio, kwa hiyo mafundi wa simu hulehemu nyaya nyembamba kama nywele kwenye vituo vya majaribio vya bodi, moja ya amri, moja ya saa, moja ya data, umeme na ardhi, wakasoma picha za mtu ambaye simu yake haiwaki tena. Kazi hiyo ni ya heshima. Inakoma kuwa ya heshima inapogeuzwa kubadili IMEI, jambo ambalo nchini Tanzania ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kadhalika laptopi yenye nywila ya bayosi iliyoletwa na mtu asiye na risiti wala maelezo ya kueleweka. Anayejua kuiandika chipu anajua pia kuifuta nywila hiyo, na kumwomba mteja athibitishe kuwa mali ni yake ni sehemu ya ufundi, sawa na kupima volti.

Uandishi ukithibitishwa, kibanio kinaondolewa, betri ya saa inarudishwa, kisha betri kubwa. Kuwaka kwa mara ya kwanza huchelewa. Bayosi inajipanga upya, inaipima kumbukumbu, inaweza kujizima na kujiwasha mara moja au mbili huku kioo kikiwa bado cheusi. Wengi huogopa hapo wakaikatia umeme. Iachwe dakika kadhaa. Ikiwa diski ilifungwa kwa BitLocker, Windows itaomba ufunguo wa tarakimu 48 kwa kuwa imeona mashine imebadilika, kwa hiyo mteja aulizwe kuhusu ufunguo huo mapema, kabla hata bodi haijafunguliwa. Atakapokuja kuchukua laptopi yake, apewe pia faili la asili kwenye flashi yake mwenyewe, likiwa na jina la modeli, jina la chipu na tarehe, kwa kuwa fundi atakayeifungua mashine hiyo mara nyingine huenda akawa mwingine kabisa.